Jina la Afrika, maji ya Japani: nani atausoma mwani wa malambo yetu?

MAKALA MAALUMU

Na Mwandishi Wetu, Nzega

Kiangazi kinapofika ukingoni, kabla mvua za Novemba hazijashuka, maji ya malambo ya Lusu, wilayani Nzega, mkoani Tabora, hubadilika rangi. Pembezoni, walikokanyaga ng'ombe, ni tope tupu. Katikati, pasipotibuliwa, hutanda utando wa kijani. Mchotaji huusukuma kando kwa tako la ndoo, kisha huizamisha haraka kabla utando haujarudi. Mtoto akichota juu juu, bibi yake humkumbusha: "Mjukuu wangu, sukuma kwanza."

Tia maji hayo katika chupa ya kioo, funika upande mmoja kwa kitambaa cheusi na uache upande wa pili upigwe na mwanga. Kama kijani hicho ni cha mwani unaoogelea, baada ya muda utakikuta kimejikusanya upande wenye mwanga. Chembe zile zinaona, kwa namna yao, na zinajua pa kwenda.

Weka tone moja chini ya hadubini ya kawaida ya sekondari, uone kwa nini. Seli moja yenye umbo la yai hupita mbio, mikia miwili ikipiga maji mbele yake. Ubavuni ina doa jekundu linaloisaidia kutambua mwanga unatoka wapi. Hiyo ni Chlamydomonas, mwani wa kijani wa maji baridi na udongo wenye unyevu. Ndugu yake mkubwa, Volvox, hupenda madimbwi na majaruba ya mpunga. Huyo ni tufe la kijani unaloweza kuliona kwa jicho tupu, dogo kama kichwa cha pini, lenye seli mamia au maelfu, linalobingirika polepole likiwa limebeba watoto wake tumboni.

Ndani ya seli hizo mna mjadala ulioanza zaidi ya nusu karne iliyopita na haujaisha. Sehemu kubwa ya maandishi ya urithi yaliyomo humo hujirudia, kipande kilekile mara mia, mara elfu. Je, marudio hayo ni takataka, au ndiyo nguzo zinazoshikilia jengo zima? Na swali la pili, linalowahusu zaidi watu wa Tabora: ni nani anayeyasoma, na kwa maji ya nani?

Njia ya misafara, njia ya sampuli

Nchi hii imezoea kupitwa na wasafiri wanaobeba kitu. Karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa ilitoka Ujiji na kwingineko, ikakutana Tabora, ikashuka hadi Bagamoyo kwa miguu ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Burton na Speke walifika Kaze, Tabora ya leo, mwaka 1857. Mwezi Julai 1858 Speke alitoka hapo kuelekea kaskazini, akakatiza nchi ya Wanyamwezi hadi Mwanza, na mwanzoni mwa Agosti akalitazama ziwa analolijua kila mtu leo kwa jina la Victoria.

Nyuma ya wapelelezi walikuja wanasayansi na chupa zao. Mwaka 1904 na 1905 Mwingereza William Cunnington aliongoza safari ya tatu ya kisayansi ya Ziwa Tanganyika. Maji aliyokusanya yalivuka bahari, na mwaka 1907 mtaalamu wa mwani George Stephen West alichapisha ripoti ndefu ya mwani uliopatikana humo.

Miaka 3 baadaye, mwaka 1910, West huyohuyo alieleza spishi mpya za Volvox kutoka Afrika. Mmoja, aliyetoka Ziwa Albert, mpakani mwa Uganda na Kongo ya leo, alimpa jina *Volvox africanus*.

Kwa hiyo mwani wa maziwa yetu umo vitabuni kwa zaidi ya miaka 100. Ulichorwa na kupewa majina ya Kilatini. Kilichokuwa hakijaguswa ni kilichomo ndani ya kiini cha seli.

Uzi wenye ncha na kiuno

Ndani ya kiini zimo kromosomu. Kila kromosomu ni uzi mmoja mrefu wa DNA uliozungushwa kwenye protini, na wataalamu huuandika kwa herufi nne: A, T, G na C. Sehemu za uzi huo zinazobeba maelekezo ya kutengeneza protini huitwa jeni.

Jenomu ya *Chlamydomonas reinhardtii*, yaani maandishi yake yote ya urithi, ilichapishwa mwaka 2007. Ina kromosomu 17 zenye jumla ya herufi karibu milioni 120. Mwani uliosomwa ulitokana na udongo wa shamba la viazi huko Massachusetts, Marekani, uliokusanywa mwaka 1945. Udongo wa shamba la kawaida, usio na sifa yoyote ya ajabu, umeilisha sayansi kwa zaidi ya miaka 75.

Uzi huo una ncha mbili. Ncha ya kromosomu huitwa telomia, nayo ni marudio matupu. Kwa binadamu herufi TTAGGG hujirudia mfululizo. Kwa mimea mingi ni TTTAGGG. Kwa Chlamydomonas ni TTTTAGGG. Tofauti ni herufi moja moja, lakini kazi ni ileile: kila seli inapogawanyika na kunakili DNA yake, ncha hupungua kidogo, na marudio hayo ndiyo yanayopungua badala ya jeni.

> Telomia hazina jeni ya protini hata moja, lakini bila hizo jeni zote zingeanza kuliwa kutoka ncha.

Uzi una kiuno pia, kiitwacho sentromia. Hapo ndipo seli inapogawanyika nyuzi huishika kromosomu na kuivuta, ili kila seli mpya ipate fungu lake. Kiuno kikikosekana, kromosomu hupotea njiani. Katika Chlamydomonas, viuno hivyo vimejaa nakala za kipande kimoja cha kujirudia kiitwacho ZeppL.

Hivyo, sehemu mbili ambazo kromosomu haiwezi kuishi bila hizo, ncha na kiuno, zimejengwa kwa kile kilichoitwa takataka.

Takataka au nguzo?

Neno hilo halikutoka kwa mtu mjinga. Mwaka 1972 mtaalamu wa urithi Susumu Ohno alisema kwamba sehemu kubwa ya DNA ya viumbe wenye kiini haiwezi kuwa na kazi. Kama kila herufi ingekuwa na kazi, alihoji, makosa yanayotokea kila kizazi yangeua ukoo mzima. Mwaka 1980 wengine, Francis Crick miongoni mwao, waliongeza kwamba vipande vingi vya kujirudia vinajinufaisha vyenyewe: vinajinakili na kujipachika kwingine, na mwenye seli hubeba mzigo.

Upande wa pili ulikuwa na Barbara McClintock. Miaka ya 1940, akichunguza punje za mahindi zenye madoa, aligundua vipande vya DNA vinavyohama kutoka mahali kwenda mahali na kubadili tabia ya jeni za jirani. Kwa miaka mingi wenzake hawakuupa uzito ugunduzi huo. Mwaka 1983 alipewa Tuzo ya Nobel.

Mwani wa kijani umewapa hoja wote wawili.

Tazama *Ostreococcus tauri*, mwani wa ziwa la pwani la Thau, Ufaransa. Ni miongoni mwa viumbe wadogo kabisa wenye kiini, na jenomu yake iliyochapishwa mwaka 2006 ina herufi zisizofikia milioni 13 katika kromosomu 20. Karibu kila kitu kimebanwa. Vipande vingi vya kuhama vimerundikana katika kromosomu mbili tu. Kama marudio yangekuwa ya lazima kila mahali, kiumbe huyu asingeishi. Ohno angefurahi.

Sasa tazama Volvox. Jenomu ya *Volvox carteri*, iliyochapishwa mwaka 2010, ina jeni karibu 14,500, sawa na Chlamydomonas. Mmoja ni seli moja, mwingine ni mwili wa seli 2,000 na zaidi zilizogawana kazi, lakini idadi ya jeni ni karibu ileile. Jenomu ya Volvox ni kubwa zaidi, karibu herufi milioni 138, na sehemu ya ziada hiyo ni vipande vya kujirudia.

Kipande kimojawapo cha kuhama cha Volvox kinaitwa Jordan, kwa heshima ya mchezaji wa kikapu Michael Jordan, kwa sababu huruka sana. Watafiti walikifanya mtego. Jordan akiruka na kutua katikati ya jeni, jeni hiyo huharibika na tabia ya mwani hubadilika. Ukimtafuta Jordan alipotua, umeipata jeni. Kwa njia hiyo ilinaswa regA, jeni inayozifanya seli ndogo za mwilini zisizaliane, ziishie kuogelea na kufa.

Ncha iliyovunjika ikapona

Ushahidi unaogusa zaidi ulitoka Hiroshima, Japani. Watafiti wa huko walichunguza mwani wa kijani uitwao C-169, uliotoka Antaktika. Wakati huo ulihesabiwa kuwa *Chlorella vulgaris*, siku hizi umewekwa katika jenasi Coccomyxa. Una kromosomu ndogo sana: iliyo ndogo kuliko zote ina herufi takriban milioni 1 tu, hivyo ni rahisi kuichunguza nzima.

Karibu na ncha za kromosomu hiyo walikuta rundo la kipande cha kuhama walichokiita Zepp, ambacho ZeppL wa Chlamydomonas ni jamaa yake. Kisha wakafanya jaribio gumu. Waliupiga mwani kwa mnururisho hadi kromosomu zikavunjika, wakasubiri waone nini kitatokea kwenye majeraha.

Matokeo, waliyoyachapisha mwaka 2003, yalionyesha kwamba nakala mpya za Zepp zilikuwa zimejipanga kwenye ncha za kromosomu ndogo zilizozaliwa kutokana na mvunjiko, na ncha zikarudishiwa telomia. Kipande kilichodhaniwa kupe wa seli kilikutwa kazini, mahali penye jeraha.



Hilo halifanyi kila rudio kuwa na kazi. Hoja ya Ohno kuhusu mzigo wa makosa bado ina nguvu, na vipande vingi vya kuhama huharibu kuliko kujenga. Lakini limefuta uhalali wa kulipuuza fungu zima kwa jina moja. Kila kipande kinapaswa kuulizwa kivyake, katika kiumbe chake, mahali kilipo kwenye kromosomu.

Na kuuliza huko kulishindikana kwa miaka mingi kwa sababu ya vyombo. Mashine za zamani zilisoma DNA vipande vifupi, kisha kompyuta ikaviunganisha. Chana kanga vipande vya ukubwa wa ukucha, kisha umpe mtu aishone upya: maandishi ya jina atayapanga, mji ataupanga, lakini pindo lenye ua lilelile kuanzia ncha hadi ncha litamshinda. Kwa sababu hiyo, jenomu ya binadamu iliyotangazwa mwaka 2001 ilikamilishwa hasa mwaka 2022. Sehemu iliyokuwa imebaki, karibu asilimia 8, ilikuwa zaidi marudio. Ilipatikana kwa mashine mpya zinazosoma vipande virefu, na mashine za aina hiyo ndizo zilizowezesha viuno vya Chlamydomonas kuonekana.

Jina letu, maji yao

Mwaka 2021 kundi la watafiti wa Japani, akiwemo Kayoko Yamamoto na mtaalamu wa Volvox Hisayoshi Nozaki, lilichapisha jenomu ya *Volvox africanus*. Ndiyo spishi ile ya West, ya Ziwa Albert. Lakini mwani uliosomwa haukutoka Ziwa Albert. Ulitoka Ziwa Biwa, Japani, kwa kuwa spishi hiyo huishi huko pia.

Walichokiona ni somo kamili la marudio. Ndugu wa karibu wa *Volvox africanus* ana jinsia mbili tofauti: koo za kiume na koo za kike. *Volvox africanus* hana mgawanyo huo. Ukoo mmoja hutoa mbegu za kiume na mayai. Imewezekanaje? Jenomu ilionyesha kwamba spishi hii imehifadhi karibu eneo lote la kromosomu la ukoo wa kike. Upande wa kiume umebakiza jeni chache tu, lakini iliyo kuu, MID, ile inayoamua jinsia ya kiume, ipo katika nakala nyingi zilizopangana mfululizo.

Kujirudia kwa jeni moja, basi, kumo ndani kabisa ya habari ya namna kiumbe huyu anavyozaliana.

Je, *Volvox africanus* wa Ziwa Albert ana nakala ngapi za MID? Wa majaruba ya Nzega, kama yumo, amepangaje? Maswali hayo hayajibiwi kwa maji ya Biwa. Watafiti wa Japani wamefanya kazi yao kwa ustadi, kwenye ziwa lao, na wanastahili sifa. Pengo ni la upande wetu.

Watu wa Nzega wanalijua pengo la aina hii. Dhahabu ya Golden Pride, mgodi uliofunguliwa wilayani humu mwishoni mwa miaka ya 1990 na kufungwa katika muongo uliopita, ilichimbwa na kampuni ya Australia. Dhahabu ikishatoka haioti tena. Mwani huota kila msimu, na ujuzi wa kuusoma ukishafika hauishi.

Maji kwanza?

Upo upande unaopinga, na hoja yake si nyepesi. Mama anayetembea na ndoo kichwani anahitaji maji safi. Kromosomu za kinachoelea juu yake zitamsaidia nini? Wilaya inahitaji bomba, dawa, walimu. Maji ya Ziwa Victoria sasa yanaletwa kwa bomba kutoka Ihelele hadi Nzega, Igunga na Tabora, kwa mradi uliojengwa kwa mkopo wa India. Hiyo ndiyo sayansi ya maendeleo, wanasema wenye hoja hii, na fedha ziende huko.

Nakubaliana nao kwamba maji ni kwanza. Lakini maji hayo yanatoka wapi? Utafiti umeonyesha kwamba tangu katikati ya karne iliyopita mbolea, udongo na maji taka vimebadili wakazi wa Ziwa Victoria. Diatomu na mwani wa kijani waliotamalaki zamani wamepisha kwa sehemu kubwa sianobakteria, wale wanaoitwa kimakosa mwani wa bluu-kijani.

Kwa macho, vyote ni kijani. Kwa hakika ni mbali kama mbingu na ardhi. Sianobakteria ni bakteria. Hawana kiini wala kromosomu zenye telomia kama hizi tulizozieleza. Na baadhi yao hutoa sumu ya ini iitwayo maikrosistini, ambayo kuchemsha maji hakuiondoi. Anayesimamia chanzo cha maji anahitaji kujua kijani alichonacho ni kipi, na DNA ni njia moja ya uhakika ya kujua. Hawezi kulinganisha DNA ya maji yake na orodha isiyo na viumbe wa maji yake.

> Huwezi kukitambua kiumbe cha lambo lako kwa orodha ambayo lambo lako halimo.

Faida huvuka hata maji. Chlamydomonas hutambua mwanga kwa protini iliyochunguzwa kwa undani mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2021 madaktari walitangaza kwamba mtu aliyepofuka kwa ugonjwa wa retina alianza kutambua vitu vilivyowekwa mezani mbele yake, baada ya jichoni mwake kutiwa jeni ya protini ya aina hiyo, iliyotokana na mwani jamaa ya huu, na kuvaa miwani maalumu. Jeni ya mwani wa kijani ikamrudishia binadamu sehemu ya kuona. Hakuna aliyeuchunguza mwani huo mwanzoni akiwa na lengo hilo.

Vyombo vipo, uamuzi ndio unaosubiriwa

Zamani jibu lilikuwa kwamba vyombo ni ghali na viko Ulaya. Siku hizi kipo chombo cha kusoma DNA kiitwacho MinION, kinachoshikika kiganjani na kuunganishwa na kompyuta mpakato, na chenyewe husoma vipande virefu, vinavyofaa hasa kwa marudio. Watafiti wa mihogo wa Tanzania, Uganda na Kenya, pamoja na mwenzao Laura Boykin, walikitumia kutambua virusi vya mihogo, na mwaka 2018 walifanya hivyo shambani Kenya, chini ya mti. Kilichowezekana kwa jani la muhogo kinawezekana kwa chupa ya maji ya lambo.

Mpango nao upo. Mradi wa Jenomu wa Afrika, AfricaBP, ulioanzishwa mwaka 2021, umejiwekea lengo la kusoma jenomu za spishi takriban 105,000 za bara hili, zisomwe Afrika na Waafrika. Kwenye miradi ya namna hii wanyama wakubwa na mazao hupata wa kuwasemea haraka. Mwani wa majaruba hauna msemaji.

Tanzania ina Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, inayotoa vibali vya utafiti. Ina Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Sokoine kule Morogoro na Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha. Hatua ya kwanza haihitaji mabilioni: kukusanya mwani wa maji baridi wa magharibi mwa nchi, kuukuza hai katika maabara ya hapa nchini, na kuuweka katika hifadhi inayotambulika, ili mtafiti yeyote wa dunia anayeuhitaji auombe kwetu. Hatua ya pili ni kusoma jenomu zake kamili, ncha hadi ncha, marudio yakiwemo, na kila sampuli iandikwe lambo ilikotoka.

Shule za sekondari za Tabora zinaweza kuianza hatua ya kwanza. Kinachotakiwa ni chupa, lebo, hadubini na mwalimu wa baiolojia mwenye ari. Mwanafunzi anayepeleka tone la majaruba ya baba yake chuoni anakuwa sehemu ya jina lililoandikwa mwaka 1910 bila Mwafrika kuulizwa.

*Volvox africanus* amebeba jina la bara hili kwa zaidi ya karne. Jenomu yake ya kwanza ilisomwa kwa maji ya Japani. Ya pili isomwe kwa maji ya Afrika, na mikono itakayoisoma iwe ya vijana waliozaliwa kando ya maji hayo.